Ufunguo kwenye Pindo la Kanga

Mimi ni mtu wa maneno. Nalisema mapema ili huko mbele msije mkanishangaa. Mume wangu alipoleta posa kwetu Tanga, mama yangu alimwonya kwamba anaichukua redio ya nyumba, na kwamba haina pa kuzimia. Naongea nikipika, naongea nikifua, nabishana na wauza samaki mpaka wananiongezea samaki ili niondoke, na mume wangu anaapa kwamba naongea hata usingizini, tena kwa ukali. Kwa hiyo jambo la kwanza Johannesburg ililonifanyia, kabla hata ya baridi kunipata, lilikuwa kuninyamazisha.

Tulifika kwa basi, mimi na watoto wawili, binti yangu wa miaka sita na mdogo wake wa miaka mitatu, baada ya siku nyingi za barabara na maandazi yaliyokauka mpaka yakawa ya kuguguna. Mume wangu alikuwa ametutangulia mwaka mzima. Alikuwa akifanya kazi na kaka yake, shemeji yangu, kwenye gereji moja ya Jeppestown wanakonyoosha bodi za magari. Walisimama pale kituoni wawili, mume wangu amevaa koti nisilolijua, amekonda kidogo, na wallahi amependeza. Sikujizuia. Nikapiga vigelegele, vile vya harusi hasa, mtoto mgongoni na begi kichwani. Kina mama wawili wa hukohuko wakanijibu kwa vigelegele vyao, maana kumbe na wao wanavyo, nami nikaanza kuwaeleza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba huyu ni mume wangu na ni mwaka sijamwona. Hapo ndipo shemeji alipokuja mbio kama mtu anayewahi maziwa yasifurike jikoni.

"Eish, shemeji, umetuua," alisema tulipoingia garini. "Hapa si Tanga. Hapa nje hatusemi Kiswahili. Kwenye taksi kimya, barabarani kimya, dukani unaonyesha kwa kidole. Simu ikiita, iache iite."

"Na mtu akinisalimia?"

"Tabasamu, pita."

"Kwani tumeiba nini?"

Akanieleza, na nakiri hakuwa anatunga. Kuna siku, alisema, mji huu unaamka vibaya, wageni wanapigwa na kufukuzwa, na siku hizo mgeni anajulikana kwa mdomo wake. Ukiwa kimya, wewe ni mtu kama wengine. Ukiufungua tu, umeshajitaja. Yeye mwenyewe alikwisha kukimbia mara mbili na kuacha vyombo vyote nyuma. Nikamtazama mume wangu aniambie kwamba kaka yake anatia chumvi. Mume wangu alikuwa ametazama nje, anazikodolea macho taa za njia panda, ambazo huku zinaitwa roboti, kana kwamba kuna mtihani juu yake.

Nyumba yetu ya Bellevue ni ya zamani, imekatwakatwa vyumba. Sisi tulipata kile ambacho zamani kilikuwa chumba cha kulia chakula cha watu wenye nazo: dari refu lenye maua ya plasta, mahali pa kuwashia moto ambapo nilipanga masufuria, na dirisha kubwa lisilofunga sawasawa. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa ubao mwembamba tu, na nyuma yake aliishi msusi wa Kikongo kutoka Lubumbashi, mama mnene, mcheshi, ambaye tulimsikia hata akipiga miayo. Kiswahili chake na changu vilitazamana wiki nzima kama paka wawili, kisha vikazoeana. Ndani ya geti lile niliongea mpaka nikafidia mchana mzima. Tatizo lilikuwa nje ya geti.

Sasa mwambie mtoto wa miaka sita asiseme lugha yake barabarani, na umweleze kwa nini, bila kumfanya amwogope kila mtu anayepita. Jaribu. Mimi nilishindwa, nikabuni mchezo. Tukifika getini asubuhi nambana binti yangu midomo kwa vidole viwili, nazungusha ufunguo usioonekana, kriki, nauchomoa, naufunga kwenye pindo la kanga yangu, palepale mama yangu alipozoea kufungia hela zake za sokoni. Tukirudi nafungua fundo, nazungusha tena, kriki, na maneno yote ya njiani yanamwagika kwa mkupuo: mbwa aliyevaa sweta, mwanamke mwenye nywele za kijani, kwa nini miti ya huku inapukutika majani yote kama inaumwa. Binti yangu aliupenda mchezo ule kuliko nilivyotarajia. Njia nzima alitembea amebana midomo, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Nikajiona mama hodari.

Mdogo wake hakufungika. Tulimpigia kriki tatu mfululizo, na hatujavuka barabara alishauliza, kwa sauti ya mnadi, kama yule baba mwenye kitambi atazaa leo. Kwake yeye tulitumia biskuti.

Aliyeushika mchezo kuliko wote ni mimi. Taksi za Johannesburg ni vibasi, nazo huitwa kwa vidole: kidole juu, unaenda mjini; kidole chini, unaenda hapahapa karibu. Niliusifu sana utaratibu huo, nikasema moyoni kwamba huu ni mji uliowafikiria watu kama sisi. Kasoro yake ni kushuka. Kushuka lazima upaze sauti, umwambie dereva ni baada ya roboti gani, na sauti ndiyo niliyokatazwa. Basi nikawa nangoja mtu mwingine aseme, nami nishuke nyuma yake kama mkia. Siku moja hakusema mtu. Tukaipita njia yetu, tukaupita na mtaa mzima, tukaenda kushushwa Ellis Park, kwenye uwanja wa michezo, pamoja na washabiki waliovaa jezi za rangi moja. Tukarudi kwa miguu, kilima chote, binti yangu amebana midomo yake na mimi nimebana yangu, mdogo mtu peke yake anasimulia safari. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, mimi niliyewahi kumkimbiza kondakta kwa nauli ya mtu nisiyemjua.

Kisha majira ya baridi yakaingia. Kanga haikufua dafu. Mume wangu akaniletea koti la mtumba, refu, lenye vifungo vinne na mifuko ya kina, koti la mwanamke aliyenizidi kimo, na kanga yangu ya korosho nyekundu nikaisokomeza kwenye mwanya wa dirisha kuzuia upepo. Asubuhi zikawa za mbio: maji ya kupasha, soksi mbilimbili, pua za kufuta, nusu ya siku hakuna umeme. Mchezo wa ufunguo ukafa na mimi sikuona ulipofia. Binti yangu aliendelea kuwa kimya njiani. Nilidhani ni baridi.

Wakati huo alishaanza shule, darasa la awali, katika shule moja ya Bertrams. Kila siku nilimwuliza kulikuwaje, kila siku alisema vizuri, na daftari lake lilijaa nyota. Kwa hiyo mwalimu wake aliponiita mwezi wa Agosti, vumbi linapuliza kila kona, nilivaa hereni. Nilidhani naenda kusifiwa.

Mwalimu ni mama wa makamo, mpole, mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Watoto wanamwita Mam, na yeye anamwita kila mzazi Mami, hata mimi ninayeweza kuwa mwanawe. Alinikalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni.

"Mami," akasema kwa Kiingereza cha polepole, ili Kiingereza changu kiweze kumfuata, "huyu mtoto hajawahi kusema."

"Hajawahi kusema nini?"

"Hajawahi kusema. Tangu alipokuja, hata neno moja. Akitaka kwenda chooni anasimama mlangoni. Akiumia analia bila sauti."

Aliniambia kwamba kabla ya kufunga muhula kuna kikao. Asiposema mpaka siku ile, yeye hana budi kuandika kile anachokiona, na mtoto hataingia darasa la kwanza na wenzake. Atapelekwa kupimwa, na baada ya hapo huenda akapelekwa kwenye shule nyingine, ya watoto wasiosema. Alikuwa na fomu mezani, ameshaijaza nusu. Zilibaki siku tisa.

Sikujibu kitu. Mimi, redio ya nyumba. Nilitoka pale nikamkuta binti yangu uani kwenye bembea, anawatazama wenzake wakipigiana kelele, midomo imebanwa, nami kwa mara ya kwanza nikaona kwamba macho yake hayacheki tena.

Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake. Shemeji alisema ni jini la Tanga lililovuka mipaka yote bila pasi, na anamjua shehe wa kumwandikia kombe. Msusi alisema kanisani kwao kuna mchungaji anayeweka mikono kichwani, mabubu wanatoka wanaimba. Mume wangu alisema tumwache, atasema tu, wengine huchelewa.

"Amechelewa wapi? Hapa ndani si anasema mpaka tunamwomba akome?"

"Labda kachukua kwako. Wewe ulianza kusema lini?"

"Nina miezi tisa."

"Na hujapumzika," akasema, na kwa kuwa nilikuwa na mwiko mkononi akahamia upande wa pili wa meza.

Nilicheka, lakini roho ilikuwa juu. Nilihisi nimemtoa mwanangu kwao mzima na kumleta mahali pa kumvunja. Mara tatu niliandika ujumbe wa kumwambia mama yangu, na mara tatu nikaufuta.

Siku ya pili yake, mchana, msusi akagonga ubao wetu kwa kitana. "Mama, kuya! Kuya sikiya! Kuya polepole!"

Nikamfuata kwenye korido kwa kunyata. Chumbani mwake alikuwa na vichwa vitatu vya plastiki, vile vya kujifunzia kusuka, vyenye nywele za kweli na nyuso za kuduwaa. Binti yangu alikuwa amevipanga ukutani, mdogo wake wa nne kwenye foleni, na yeye amesimama mbele yao na miwani ya jua ya msusi ikining'inia kifuani. "Hlala phansi!" akaamuru, na mdogo wake akaketi haraka. "Thula!" na mdogo wake akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaendelea kwa Kiingereza, Kizulu kikichomoza hapa na pale, akihesabu, akiimba, akivigombeza vile vichwa kwa kutomaliza mkate wao, sauti ni ya Mam mtupu, hadi ile pumzi ya kuchoka anayoivuta kila akikaa. Mimi niliambulia nusu ya maneno. Binti yangu alikuwa na lugha mbili ambazo sikumpa mimi.

"Unaona?" msusi akaninong'oneza. "Mutoto yako haiko bubu hata kidogo. Anasemaka kupita weye."

Nikachukua simu nikamrekodi kupitia mwanya wa mlango, na asubuhi nikaenda shuleni nimebeba ushahidi. Mam aliitazama ile video mara mbili. Mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ubavu, kwa kuwa alijiona. Mara ya pili hakucheka.

"Mami, sasa ndiyo naogopa zaidi," akasema. "Mtoto anayeweza kusema hivi halafu hasemi, kuna kitu kinamzuia. Kiko hapa kwangu. Nani amemtisha? Ni mimi?"

Nilimwangalia yule mama, mwenye watoto arobaini na sauti iliyokauka, nikaona kwamba na yeye halali vizuri kwa ajili ya mwanangu. Alisema fomu hawezi kuiacha, ataandika anachokisikia darasani, siyo anachokisikia kwenye simu. Nilimwelewa, na nilikasirika vilevile.

Hasira ile nilirudi nayo nyumbani na nikamkalisha binti yangu kitandani. Niliuliza kama mpelelezi. Nani anakupiga? Hakuna. Nani anakucheka? Hakuna. Mam anakukaripia? Hapana, Mam ananukia vizuri. Sasa kwa nini husemi shuleni, mwanangu, kwa nini?

Akanitazama kama ninavyomtazama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa.

"Si ufunguo unao wewe."

"Ufunguo gani?"

Akanyoosha kidole dirishani. Kanga yangu ilikuwa palepale kwenye mwanya, imekunjamana, imeshika vumbi la miezi, na pindo lake moja lilining'inia ndani. Mwisho wa pindo kulikuwa na fundo. Nilikuwa nimeliona fundo lile kila siku ya Mungu. Nilipitisha kitambaa cha vumbi karibu yake.

Asubuhi ile ya mwisho ya kanga nilimfunga mwanangu mdomo, kriki, na jioni yake nikavaa koti.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ulisema utafungua wewe. Nikangoja."

Niliumia, na sina namna ya kulipamba hilo. Nilikaa pale kitandani nikalia mbele ya watoto, kitu ambacho sipendi, na mdogo wake akaniletea biskuti yake iliyolambwa, akanitia mdomoni mwenyewe. Mume wangu aliporudi na kusikia, alienda moja kwa moja dirishani kulifungua lile fundo. Binti yangu akamshika mkono. Si hapa, alisema. Hapa ndani mdomo uko wazi. Umefungwa kule nje. Baba yake akanitazama, nami nikamwambia aiache kanga.

Kesho yake niliivaa, juu ya koti, fundo likining'inia mbele, na sikujali nani anatazama. Mam alikuwa mlangoni mwa darasa akiwapokea watoto. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: kwamba tulipofika tuliambiwa tusiseme, kwamba niliogopa, kwamba nilimfunga mtoto kwa mchezo na nikasahau kumfungua. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu wa nchi ile kwamba namwogopa, na nilimwambia huku nimeshika pindo la kanga. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sori, Mami," akasema. Huku sori ni pole hasa, humwambia hata mtu aliyejikwaa, lakini ile yake ilikuwa na zaidi.

Fundo likakataa. Unyevu wa dirishani na jua vililifanya gumu kama kokwa. Nilijaribu kucha, kucha zikashindwa. Mam akaleta mkasi, nikakataa kwa kichwa, kwa sababu binti yangu alikuwa ameukodolea mkasi ule macho ya hofu. Nikatia meno. Nilisimama kwenye mlango wa darasa la awali, mtu mzima, nang'ata kanga yenye ladha ya vumbi na mafuta ya taa, watoto arobaini wamenizunguka kama wanaangalia mazingaombwe. Lilipolegea nikasikia pumzi ya binti yangu ikitoka.

Ndani hamkuwa na kitu, bila shaka. Nikakichukua kile kisichokuwepo kwa vidole viwili, nikachuchumaa, nikazungusha taratibu kwenye midomo yake. Kriki. Kisha, badala ya kuufunga tena kwenye pindo, nikamwekea kiganjani.

"Shika. Huu ni wako. Mama habebi tena."

Akautia kwenye mfuko wa sweta la shule, akaupigapiga aone kama umekaa. Akageuka kwa Mam. Sote tulingoja. Nilitegemea shikamoo, au jina lake, au kwa uchache hodi.

"Mam," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya wazi iliyofika dirisha la mwisho, "aliyechukua penseli yangu nyekundu ni yule pale. Na yule ndiye aliyemwaga rangi, siyo yule aliyekaa kona. Na hili sweta si langu. Langu lina kifungo cha bluu, amelivaa huyu tangu baridi haijaanza."

Na akaendelea. Alikuwa na mashtaka ya miezi minne, kwa mpangilio, na mashahidi. Aliyetajwa kwa penseli aliitoa penseli mwenyewe. Mam alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua anacheka au analia mpaka alipovaa miwani na kuivua tena kuifuta. Fomu ile aliiingiza kwenye droo mbele yangu. Sikuiona tena.

Shemeji tulimsimulia Jumapili iliyofuata, kwenye wali. Alisema eish, akaweka kijiko chini. Tulimaliza kula bila yeye kutufundisha chochote, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Simlaumu. Alitupa alichokuwa nacho, na mpaka leo kuna siku tunaangalia kwanza barabara ilivyokaa kabla ya kutoka.

Lakini mchana ule wa fundo, tulipokuwa tunapanda kilima kutoka Bertrams kurudi kwetu, binti yangu alikuwa anasema na kila kitu. Alisema na ukuta, na paka wa ukutani, na mwuza mahindi, na mdogo wake niliyembeba mgongoni, yote kwa Kiswahili, yote kwa sauti. Mbele yetu wakatokea vijana wawili wa mtaani, wanakuja upande wetu, mikono mifukoni. Mkono wangu ulienda wenyewe. Kabla sijafikiri, kidole kilikuwa kimeshafika kwenye midomo ya mwanangu.

Akanyamaza papo hapo. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa sweta, akautoa umefumbatwa, akaninyooshea. Alikuwa ananirudishia.

Nimewahi kuogopa vitu vingi Johannesburg, lakini sijaogopa kitu kama mkono ule mdogo uliofumbatwa. Nikaurudisha mfukoni mwake. Halafu nikafungua mdomo, sijui nitasema nini, na kikatoka kilichokuwa karibu.

"Habari zenu, wanangu!" Sauti ya Tanga kamili, ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya uwanja.

Wale vijana walisimama. Mmoja akanitazama, akaitazama kanga, akawatazama watoto, akanyanyua dole gumba. "Sharp, mama," akasema, wakapita.

Basi sikunyamaza tena. Niliigombeza roboti kwa kukaa nyekundu, nikauliza nyanya za mwanamke wa kona zimelala tangu lini, nikamsuta mdogo mtu kwa kunilowesha mgongo, nikacheka peke yangu, kilima kizima mpaka getini. Binti yangu alikuwa ameacha kusema kabisa. Alitembea kando yangu ameinua uso, ananitazama mdomo, kama mtu anayesikia wimbo uleule kutoka nyumba nyingine.

"Kumbe na wewe mama," akasema mwishowe, "unajua kusema."